Kalamu na Mtambo: Historia ya Uhariri wa Habari za Taasisi, kutoka Masasi na Newala hadi Tovuti za Vyuo Vikuu

Utangulizi

Katika vyuo vikuu vya Tanzania, swali la nani aandike na nani ahariri maudhui ya tovuti aghalabu huchukuliwa kuwa swali la TEHAMA. Hupelekwa kwa wataalamu wa kompyuta, hujibiwa kwa kuchagua programu, na hufungwa kwa semina fupi ambamo makatibu muhtasi, maafisa udahili, wakutubi na wahadhiri wachache huonyeshwa mahali pa kubofya. Baada ya miezi michache kurasa huanza kuchakaa. Mkuu wa idara aliyestaafu bado anatabasamu pichani, kalenda ya mwaka uliopita ingali ukurasa wa mbele, na tangazo la ada limewekwa kama picha ya karatasi isiyosomeka kwenye simu. Lawama huelekezwa kwa watumishi kwamba hawana utaalamu, au kwa programu kwamba ni ngumu.

Insha hii inalitazama swali hilo kihistoria, na inafanya hivyo kutoka mahali ambapo pengine msomaji hakupatarajia: Masasi, Newala juu ya uwanda wa Makonde, na bonde la mto Lukuledi, njia ya zamani ya kutoka Lindi kwenda bara. Katika bonde hilo kipo Nanganga, ambako leo barabara ya Ruangwa inaungana na ile ya kwenda Masasi. Hoja yenyewe ni kwamba kila chombo cha kuchapisha hubeba ndani yake uamuzi kuhusu mahali pa kuweka mpaka kati ya kalamu na mtambo, yaani kati ya yule ajuaye habari na yule ajuaye namna ya kuitoa hadharani. Taasisi moja iliyofanya kazi Masasi na Newala iliuweka mpaka huo mahali pazuri zaidi ya miaka 130 iliyopita. Tovuti za kwanza zilikuja kuuvuruga, na uchaguzi unaowakabili watumishi wa vyuo leo ni wa kuurudisha bila kurudisha pia ubaya uliokuwa nyuma yake.

Barua za kutoka vituoni, herufi za Kiungani

Taasisi inayohusika ilikuwa, kwa jina lake, kazi ya vyuo vikuu. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati ilizaliwa kutokana na hotuba ya David Livingstone huko Cambridge mwezi Desemba 1857. Baada ya jaribio la kwanza kushindwa upande wa mto Shire, Askofu Tozer aliihamishia Unguja mwaka 1864, akiwa pamoja na Edward Steere. Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu mwenyewe, anakumbukwa zaidi kwa sarufi yake na tafsiri zake za Kiswahili. Lakini kwa insha hii jambo lenye uzito ni kwamba alikuwa pia mtu wa mtambo wa kupigia chapa. Vijana waliokombolewa kutoka utumwani walifundishwa kupanga herufi za risasi, na vitabu vya kwanza vya misheni hiyo vilipitia mikononi mwao. Wapanga herufi hao walikuwa Waafrika. Mtambo haukuwa siri ya Wazungu, ila ulikuwa ufundi wa wachache, nao ulikaa Unguja.

Mwezi Novemba 1876 Steere alifika Masasi akitokea Lindi, akiongoza kundi la watu waliokombolewa, na kijiji chao kikaanzishwa hapo. Chauncy Maples alijiunga na kazi hiyo mwaka uliofuata. Mwezi Septemba 1882 Wamagwangwara, kama Wangoni walivyoitwa upande huo, walikishambulia kijiji cha Masasi, wakaua na kuteka watu. Kitovu cha kazi kikahamia Newala, kwa mtawala Matola wa Wayao. Habari za shambulio hilo ziliufikia ulimwengu kwa Kiingereza, kupitia barua za wamisionari. Waliotekwa, waliokimbia porini, na walimu waliowaongoza hawakuwa na gazeti la Kiswahili la kuandikia. Si kwamba hawakujua kuandika. Shule ya Kiungani ilikuwa imekwisha kutoa vijana wenye mwandiko safi. Kilichokosekana ni njia ya kutoka kwenye karatasi ya mwalimu hadi kwenye ukurasa uliochapwa.

Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1888, lilipoanza kutoka Kiungani gazeti la Msimulizi. Mpango wake ulikuwa rahisi. Walimu na mashemasi waliotawanyika katika vituo, kuanzia Unguja na Magila hadi Masasi, Newala na pande za Nyasa, waliandika habari za mahali pao. Barua zikaenda Kiungani, zikachaguliwa, zikapangwa, zikachapwa, na gazeti likarudi kwa wale wale walioandika na wenzao.

Inafaa kukaa kidogo juu ya mpango huu, kwa kuwa ndani yake mna karibu kila jambo linalobishaniwa leo katika mikutano ya kamati za tovuti. Mwalimu wa Newala hakuhitaji kujua lolote kuhusu risasi wala wino. Hakuamua ukubwa wa herufi, upana wa safu, wala mahali habari yake ingekaa katika ukurasa. Aliandika kwa mkono kama alivyoandika barua yoyote. Swali alilojibu lilikuwa wazi hata kama halikuchapwa kwenye fomu: nini kimetokea kituoni kwenu? Jina la kituo ndilo lililompa msomaji mahali pa kuiweka habari akilini. Mwandishi alipewa kipande chake cha ukurasa, akaachiwa ajaze anachokijua kuliko mtu mwingine yeyote. Katika lugha ya wataalamu wa leo tungesema maudhui yalitenganishwa na umbo. Kiungani jambo hilo halikuhitaji nadharia, kwa sababu risasi hazikusafiri.

Ubora wa habari zenyewe ulitokana na mgawanyo huo. Msimamizi aliyekaa Unguja asingeweza kubuni habari za mvua iliyochelewa Newala au za ugeni uliofika kwa Matola. Alimtegemea mwandishi wake. Ushahidi wa kiwango cha imani iliyowekwa kwa watu hawa ni Cecil Majaliwa, mtoto wa Kiyao aliyekombolewa utumwani, akasoma Kiungani, akapewa ushemasi na kupelekwa upande wa Rovuma mwaka 1886, kisha mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupata upadre. Huko Chitangali, katika nchi ya Newala, alikabidhiwa kituo na watu wake. Aliyeweza kukabidhiwa kituo kizima aliweza bila shaka kuaminiwa kueleza yanayotokea humo.

Hata hivyo, mpango wa Kiungani ulikuwa na gharama mbili ambazo haifai kuzipamba. Ya kwanza ni muda. Barua ilitelemka kutoka uwandani hadi Lindi kwa miguu, ikangoja chombo cha kwenda Unguja, ikangoja zamu yake mezani, na gazeti likarudi kwa njia ile ile. Habari ya njaa au ya vita ilimfikia msomaji ikiwa imekwisha kuwa historia. Gharama ya pili ni mamlaka. Mhariri alikuwa upande mmoja tu wa njia. Mwandishi wa kituoni hakuona alichokatwa mpaka gazeti liliporudi, na hapo palikuwa hapana la kufanya. Misheni ilitaka habari za ubatizo, shule na safari, na mwandishi mwenye akili hujifunza haraka kinachopita na kisichopita. Uhariri mkubwa zaidi, kwa maoni ya mwandishi wa insha hii, ulifanyika kabla barua haijaondoka Newala.

Kuna tabaka jingine la uhariri ambalo husahaulika. Lugha za mama za watu wa Masasi na Newala zilikuwa Kiyao, Kimakonde na Kimakua. Kiswahili cha Msimulizi kilikuwa kile cha Unguja kilichopitia sarufi ya Steere. Mwalimu aliposimulia kesi iliyosikilizwa barazani kwa Kiyao alikuwa anaihariri mara mbili: kutoka lugha hadi lugha, na kutoka mazungumzo hadi maandishi. Kazi hiyo haikuonekana na mtu wa mtamboni. Leo nayo haionekani, pale afisa wa chuo anapotakiwa kuandika tangazo moja kwa Kiingereza na kwa Kiswahili katika kisanduku kimoja.

Serikali na magazeti yake

Msimulizi lilikoma mwaka 1896, lakini mtindo wake haukufa. Serikali ya Wajerumani ilikuwa na Kiongozi, lililochapwa Tanga. Waingereza walianzisha Mambo Leo mwaka 1923 kupitia Idara ya Elimu, Dar es Salaam. Magazeti yote mawili yalitegemea waandishi wasio wanahabari: walimu, makarani na maakida waliotuma habari za miji na wilaya zao. Kilichobadilika ni uzito wa mkono wa mhariri juu ya lugha. Ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930, usanifishaji wa tahajia ulipata chombo rasmi, na karani wa wilayani aliyeandika kwa lafudhi ya kwao aliweza kutazamia kwamba maneno yake yangetoka yamenyooshwa. Msomaji alipata maandishi ya tahajia moja kutoka Bukoba hadi Lindi. Mwandishi alipoteza kitu ambacho hakuna aliyekiandika katika daftari la hasara.

Baada ya uhuru, mtu kutoka Masasi alikaa upande wa pili wa meza. Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso mwaka 1938 na kusoma Ndanda kabla ya kwenda mbali zaidi, alikuwa mhariri mtendaji wa The Nationalist na Uhuru kuanzia mwaka 1966, akaongoza Daily News lilipoanza mwaka 1972, na mwaka 1976 akawa mkurugenzi mwanzilishi wa Shirika la Habari Tanzania, SHIHATA. Shirika hilo liliendeleza mpango ule ule wa kale katika umbo la kitaifa: habari hutoka mikoani, huhaririwa katikati, kisha husambazwa. Katika mfumo huo bado mwandishi wa mkoani hakushika mtambo, na bado alisubiri gazeti ili ajue alichokatwa.

Ndanda yenyewe, iliyo mbele ya Nanganga ukielekea Masasi, ilikuja kuwa na mtambo wa Wabenedikto walioanzisha misheni yao hapo mwaka 1906. Vitabu vingi vya Kiswahili vimebeba jina la Ndanda kwenye kurasa zao za mwanzo. Kwa mtu wa Nanganga, kwa hiyo, nyumba ya uchapaji haikuwa jambo la Dar es Salaam tu. Ilikuwa jirani. Lakini ujirani haukubadilisha mgawanyo wa kazi: mwandishi alileta karatasi, wachapaji wakafanya yao.

Tovuti na kuvurugika kwa mpaka

Historia ya tovuti ilianza kwa ahadi tofauti kabisa. Programu ya kwanza ya Tim Berners-Lee, aliyoitengeneza CERN mwaka 1990, ilikuwa ya kusoma na pia ya kuhariri. Katika fikra zake msomaji na mwandishi walikuwa mtu mmoja aliyekaa mbele ya dirisha moja. Lakini programu hiyo ilikwenda kwenye aina moja ya kompyuta, na vivinjari vilivyoeneza tovuti duniani, hasa Mosaic ya mwaka 1993, viliacha kipengele cha kuhariri kwa kuwa kilikuwa kigumu kutengeneza. Tukio hili, ambalo wakati huo lilionekana dogo, ndilo lililozaa cheo cha msimamizi wa tovuti. Kusoma kukawa kwa wote, kuandika kukawa kwa wajuao alama za HTML.

Kwa namna fulani huku kulikuwa kurudi Kiungani: mtumishi anaandika, anampelekea mtaalamu, mtaalamu anapandisha. Tofauti ni kwamba mtaalamu wa Kiungani alikuwa na mhariri pembeni yake, naye msimamizi wa tovuti wa miaka ya 1990 alikuwa peke yake. Alikuwa mpanga herufi, mhariri, mchoraji na fundi wa seva kwa wakati mmoja. Foleni ikawa ndefu mlangoni pake. Jibu la wafanyabiashara wa programu lilikuwa kumpa kila mtumishi mtambo mzima. FrontPage, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 1996, na Dreamweaver iliyotoka mwaka 1997, ziliahidi kwamba mtu ataunda ukurasa kama anavyoandika barua. Matokeo yanajulikana na kila aliyetembelea tovuti za vyuo vya zama hizo, popote duniani: kila idara na rangi yake, maandishi yanayomeremeta, na viungo vinavyoelekea kwenye faili iliyobaki katika kompyuta ya mtu. Mwalimu wa Newala hakuwahi kupelekewa sanduku la risasi aambiwe apange mwenyewe. Katibu muhtasi wa mwaka 1998 alipelekewa.

Mifumo ya usimamizi wa maudhui ilikuja kama dawa. Mtaalamu anatengeneza umbo mara moja, na mtumishi anajaza maudhui ndani ya kivinjari chake. Hapa Kiswahili kinajitokeza kwa mlango usiotarajiwa. Mfumo mmoja uliopata umaarufu ulitokana na kampuni ya Australia na ukaitwa Mambo. Mwaka 2005 watengenezaji wake walitofautiana na kampuni hiyo kuhusu nani mwenye mamlaka juu ya kazi ya pamoja, wakajitenga, wakauita mradi wao mpya Joomla, kutokana na neno letu “jumla” lililoandikwa kwa masikio ya Kiingereza. Ni ajabu njema kwamba mgogoro kuhusu umiliki wa chombo cha kuhariri ulimalizika kwa neno la Kiswahili lenye maana ya wote kwa pamoja.

Hata hivyo dawa hii ilikuwa na chembe ya ugonjwa ndani yake. Kisanduku cha kuandikia katika mifumo hiyo kilitengenezwa kifanane na programu ya kuandikia barua, kikiwa na vitufe vya rangi, ukubwa wa herufi na majedwali. Mtumishi ananakili tangazo kutoka kwenye waraka wake, anabandika, na alama zisizoonekana zinaingia pamoja na maneno. Ukurasa unaonekana sawa kwenye kompyuta yake na unavunjika kwenye simu ya mwombaji. Mpaka kati ya kalamu na mtambo ulikuwa umechorwa upya, lakini kwa chaki.

Kuna wanaodai kwamba tatizo ni elimu tu: watumishi wafundishwe alama rahisi, wataandika vizuri. Uzoefu wa Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, unatoa angalizo. Mwishoni mwa mwaka 2009 Google iliandaa shindano la kuandika makala za Wikipedia hiyo kwa wanafunzi wa vyuo vya Afrika Mashariki. Walikuwa vijana wasomi, wenye motisha ya zawadi, na walijifunza alama za wiki kwa muda mfupi. Makala nyingi ziliongezeka. Shindano lilipokwisha, waliobaki wakiandika walikuwa wachache, na kazi ya kusafisha ikawaangukia wahariri wa kudumu. Uwezo wa kujifunza alama haukukosekana kwa vijana hao. Kilichokosekana ni sababu ya kurudi kesho yake. Mtumishi wa chuo anayehariri ukurasa mara tatu kwa mwaka yuko katika hali hiyo hiyo: kila anaporudi, amesahau, na si kosa lake.

Muhuri

Msomaji wa kigeni wa tovuti za taasisi za umma nchini hushangaa kuona matangazo mengi yakiwekwa kama karatasi zilizopigwa picha kwa mashine, zikiwa na kichwa cha barua, nambari ya kumbukumbu, sahihi na muhuri. Mtaalamu wa kompyuta huliona hilo kuwa uzembe: maneno hayawezi kutafutwa, faili ni zito, na msomaji asiyeona hawezi kusomewa na simu yake. Yote hayo ni kweli. Lakini kuliita uzembe ni kukosa kuisoma historia.

Katika ofisi ya umma, andiko hupata uhai kwa kupita. Linaanza kama dokezo, linaingia kwenye jalada, linapanda kwa mkubwa, linarudi na maelekezo, linasainiwa, linapigwa muhuri. Kila alama juu ya karatasi inaeleza nani aliona na nani aliridhia. Afisa anayechukua maneno ya barua iliyosainiwa na kuyaandika upya kwenye kisanduku cha tovuti anayavua ushahidi huo wote. Akikosea tarakimu moja ya ada, kosa ni lake. Akiweka picha ya karatasi, kosa ni la karatasi. Kwa hiyo uchaguzi wake una busara ndani yake, na chombo chochote kisichompa mbadala wa muhuri kitaendelea kujazwa picha za karatasi, hata kama semina zitafanyika kila mwezi.

Serikali imelijaribu jambo hili kwa kiwango kikubwa. Wakala ya Serikali Mtandao ilianza kazi mwaka 2012, na kwa sheria ya mwaka 2019 ikawa Mamlaka. Mwaka 2017 tovuti za mikoa na halmashauri za Tanzania Bara zilizinduliwa Dodoma zikiwa na umbo moja, na halmashauri za Masasi na Newala zilikuwa miongoni mwake. Habari ziliandikwa wilayani kwenyewe, katika kitengo kilichounganisha TEHAMA na uhusiano. Mwandishi wa insha hii anaona kuwa hiyo ndiyo hatua iliyo karibu zaidi na mpango wa Msimulizi tangu Msimulizi lenyewe, tena ikiwa na sifa ambayo Kiungani haikuwa nayo: afisa wa Newala anaweza kuitoa habari hadharani bila kuipeleka Lindi kungoja chombo. Umbo limetoka katikati, kalamu imebaki wilayani, na ruhusa ya kuchapisha imekwenda na kalamu.

Kasoro ya umbo moja ni kwamba huzaa maudhui ya namna moja. Fomu ikiwa na sehemu ya picha ya kiongozi na haina sehemu ya bei ya pembejeo, picha ya kiongozi itawekwa kila wiki. Hili halitokani na tabia ya maafisa peke yake. Walimu wa Kiungani waliandika ubatizo kwa sababu waliulizwa ubatizo.

Uchaguzi wa vyuo

Kinachofuata kwa chuo kikuu kinachotaka watumishi wake wasio wataalamu wahariri tovuti ni, kwanza, kuacha kuuliza ni programu gani iliyo rahisi. Swali lenye faida ni lile la mhariri wa Kiungani: tunamuuliza nini mtu wa kituoni? Afisa udahili anajua tarehe, ada, sifa za kuingia na nambari ya ofisi. Apewe nafasi nne za kujaza tarehe, ada, sifa na nambari, na umbo la ukurasa alione likijipanga lenyewe. Mhadhiri anajua kozi zake na machapisho yake. Kisanduku kikubwa kitupu chenye vitufe thelathini kinamtaka kila mmoja wao awe mpanga herufi. Mahali ambapo maandishi marefu yanahitajika kweli, kama historia ya idara au maelezo ya mradi, vitufe vya kichwa cha habari, orodha, kiungo na maneno ya kukoza vinatosha, na kila kinachobandikwa kutoka kwingine kivuliwe rangi na ukubwa wake kabla hakijaingia.

Mfano wa jambo hili vyuo vinao tayari ndani ya maktaba zao. Hazina za kidijitali za tasnifu zimejengwa juu ya programu kama EPrints, iliyoanzia Southampton mwaka 2000, na DSpace ya mwaka 2002 kutoka MIT na Hewlett-Packard. Mkutubi anayeingiza tasnifu hachagui rangi. Anajaza jina la mwandishi, mwaka, kichwa, ikisiri, lugha. Kurasa hizo hazina mapambo, na ni nadra kuvunjika. Tasnifu ya Kiswahili iliyoingizwa miaka kumi iliyopita inapatikana leo kwa urahisi ule ule, ilhali ukurasa wa habari wa mwaka huo huo katika chuo hicho hicho huenda umekwisha kupotea. Inastaajabisha kwamba mfumo uliokwisha kuthibitika katika jengo moja la chuo hautazamwi na kamati inayokutana katika jengo la pili.

Ruhusa ni jambo gumu zaidi kuliko umbo. Kumpa kila mtu ruhusa ya kuchapisha ni kumpa hofu, na mtu mwenye hofu haandiki. Kuzuia kila kitu mpaka kisainiwe juu ni kurudisha safari ya Newala hadi Unguja. Insha hii inapendelea kupima kwa madhara. Habari za semina, mgeni aliyetembelea au mahafali zichapishwe na idara yenyewe, na mhariri wa chuo azipitie baadaye. Hata zikiwa na kosa, kosa hilo halimfukuzi mtu chuoni. Ada, sifa za udahili, tarehe za usajili na nambari za akaunti zipitiwe na mtu wa pili kabla ya kutoka, na jina la cheo chake lionekane chini ya ukurasa pamoja na tarehe aliyopitia. Huo ndio muhuri mpya. Unatimiza kazi ya ule wa zamani kwa kusema nani aliona na lini, na unaweza kusomwa kwenye simu.

Tofauti kati ya aina hizo mbili inaonekana wazi zaidi ukiitazama kutoka Nanganga kuliko ukiitazama kutoka ofisi ya kurugenzi. Kaya nyingi za Masasi na Newala hulipa ada kwa fedha ya korosho. Minada ya msimu huanza karibu na mwezi Oktoba, mkulima hupeleka korosho zake kwenye chama cha msingi, zikaingia ghalani kwa stakabadhi, na malipo hufuata baada ya mnada. Mwaka wa masomo wa vyuo vingi huanza katika majira hayo hayo. Mzazi anayesoma kwenye simu kwamba usajili unafungwa wiki ya kwanza ya Novemba, kumbe tarehe hiyo ni ya mwaka uliopita na haikuondolewa, hufanya uamuzi juu ya korosho zake. Anaweza kumuuzia mchuuzi kwa bei ya kangomba kabla ya mnada ili awahi tarehe isiyokuwepo. Hasara hiyo haitaonekana katika ripoti yoyote ya idadi ya waliotembelea tovuti.

Kwa sababu hiyo ukurasa wa tarehe za usajili unahitaji kitu kimoja ambacho Msimulizi halikukihitaji, kwa kuwa gazeti hubeba tarehe yake kichwani na huzeeka machoni pa watu: ukurasa ujifunge wenyewe siku iliyopangwa, na pahali pake pabaki sentensi inayosema kwamba tarehe za mwaka mpya bado hazijatangazwa. Afisa udahili anajaza siku ya kufunga katika nafasi ile ile anapojaza siku ya kufungua, kabla hajaondoka mezani.